Sura ya Sita: Wangila Ni wa Ngapi?

Gusii ni nchi ya wakimbiaji. Shuka kwenye matatu pale Kiogoro, si mbali na mji wa Kisii, uulize bingwa ni nani, nawe utatajiwa Nyandika Maiyoro, Naftali Temu na Yobes Ondieki kabla hujalipa nauli. Ndondi hazina mizizi mirefu huku kama zilivyo nayo Nakuru au mitaa ya mashariki ya Nairobi. Lakini zikishatajwa, hasa kwa kinyozi ambako kila mteja anangoja zamu yake na hakuna anayekubali kuondoka akiwa ameshindwa hoja, jina linalotangulia ni Robert Wangila.

"Mzee, nionyeshe Mkenya mwingine mwenye dhahabu ya ndondi ya Olimpiki," kijana husema. Hapo hoja huonekana imekwisha, kwa sababu mwingine hayupo.

"Kijana wangu, wewe hukumwona Waruinge," mzee hujibu, na hapo mashine ya kunyoa huzimwa.

Mabishano haya hayahusu Kiogoro peke yake. Popote Wakenya wanapozungumzia ngumi, swali huwa lile lile: katika safu ya mabondia wakubwa waliowahi kutoka nchi hii, Wangila akae wapi? Wengi hudhani swali lenyewe ni la kijinga. Dhahabu ni dhahabu, na mwenye dhahabu ni wa kwanza. Mimi namweka wa tatu. Najua jibu hilo litawaudhi wengi, kwa hiyo nitaeleza kwanza ninavyopima, kisha msomaji aamue kama mizani yangu imepinda.

Mizani

Wakulima wa Kisii na Nyamira wanaijua mizani kuliko watu wengi. Kwenye kituo cha kununulia majani chai, karani hupima yaliyomo guniani. Hapimi majani yaliyobaki shambani, wala hapimi ambayo yangechumwa kama mvua isingenyesha. Kanuni hiyo inafaa sana katika kupima mabondia, kwa maana hakuna mchezo wenye "ingekuwa" nyingi kama ndondi. Ingekuwa jaji yule hakuhongwa. Ingekuwa hakuumia mkono. Ingekuwa nchi yake haikususia mashindano. Yote yanaweza kuwa kweli, na yote yamebaki shambani.

Kilichomo guniani nakipima kwa maswali matatu. Alimpiga nani? Alikaa kileleni kwa muda gani? Na mashindano aliyoshinda yalikuwa na nani na nani? Medali ni jibu mojawapo la maswali hayo, si mbadala wake.

Seoul

Tuanze na alichonacho Wangila, na ni kingi. Alizaliwa Nairobi mwaka 1967 na akaenda Korea Kusini akiwa na miaka 21, akipigana katika uzani wa welta, kilo 67. Mwanzoni mwa Oktoba 1988 aliingia fainali dhidi ya Mfaransa Laurent Boudouani. Pambano la ridhaa siku hizo lilikuwa raundi tatu za dakika tatu kila moja, na mabondia walivaa kofia za kujikinga kichwa, vazi lililoanza kutumika katika Olimpiki ya 1984. Kwa mavazi hayo na muda huo mfupi, mapambano mengi yaliishia kwenye karatasi za majaji. La Wangila halikufika huko. Boudouani aliangushwa katika raundi ya pili, na Kenya ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki nje ya riadha. Hadi Olimpiki ya Paris mwaka 2024 ilipomalizika, ilikuwa bado ndiyo pekee.

Ili kuona uzito wa nokauti ile, tazama kilichotokea kwenye ulingo huo huo katika mashindano yale yale. Mmarekani Roy Jones Jr. alikutana na mwenyeji Park Si-hun katika fainali ya kilo 71. Waliohesabu makonde walimpa Jones 86 yaliyofika, na Park 32. Majaji watatu kati ya watano wakampa Park ushindi. Jones alipewa kombe la Val Barker, tuzo ya bondia mwenye ufundi bora katika Olimpiki, na kashfa hiyo ikachangia ndondi za ridhaa kuhamia kwenye mashine za kuhesabu pointi. Kwa hiyo Wangila alishinda katika Olimpiki ambayo kuwaachia majaji kazi kulikuwa hatari. Yeye hakuwaachia kazi yoyote.

Wala Boudouani hakuwa mtu wa kuokotwa. Mwaka 1996 alitwaa mkanda wa dunia wa WBA katika uzani wa juu kidogo ya welta, akaushikilia hadi 1999. Swali la "alimpiga nani" Wangila analijibu vizuri: alimlaza mtu aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa ndondi za kulipwa.

Kabla ya Wangila, dhahabu za ndondi za Olimpiki zilizokuja Afrika zilikuwa za Afrika Kusini peke yake, tena za enzi ambazo Waafrika weusi wa nchi hiyo hawakuruhusiwa kuiwakilisha. Mganda Leo Rwabwogo alifika fainali mwaka 1972, mwenzake John Mugabi mwaka 1980, na Mnigeria Peter Konyegwachie mwaka 1984. Wote walirudi na fedha. Mlango walioubisha Wangila aliuvunja.

Sasa tugeuze gunia tuone upande wa pili. Cuba, taifa lililotawala ndondi za ridhaa kuliko lolote enzi zile, haikwenda Seoul. Ilisusia kwa kuiunga mkono Korea Kaskazini. Mashindano ya ndondi za ridhaa bila Cuba katika miaka ya 1980 yalikuwa na pengo ambalo kila bondia alilijua. Katika nusu fainali, mpinzani wa Wangila, Jan Dydak wa Poland, hakupanda ulingoni, naye Mkenya akapita bila kurusha konde. Hakuna lawama katika hayo. Bondia hupigana na anayeletwa, na Wasovieti, Wamarekani na Wajerumani Mashariki walikuwepo Seoul. Lakini swali la tatu, mashindano yalikuwa na nani na nani, halijibiki kwa "wote".

Swali la pili ndilo linalomwelemea zaidi. Baada ya Seoul, Wangila alikwenda Marekani kupigana ngumi za kulipwa. Alishinda mapambano 22, akapoteza matano, na hakuwahi kuvaa mkanda mkubwa wa dunia. Julai 1994, huko Las Vegas, alipigana na David Gonzalez. Refa alisimamisha pambano katika raundi ya tisa. Wangila alianguka katika chumba cha kubadilishia nguo, akazimia, na tarehe 24 Julai akafariki dunia. Alikuwa na miaka 26.

Kifo hicho ndicho kinachofanya mjadala huu uwe mgumu kuliko inavyopasa. Mtu akisema Wangila si wa kwanza, huonekana kama anamnyang'anya marehemu haki yake. Lakini kumhurumia marehemu na kumpima bondia ni kazi mbili tofauti. Ukimwongezea Wangila sifa za miaka ambayo kifo kilimnyima, itakubidi umwongezee kila bondia sifa za alichonyimwa, na foleni hiyo ni ndefu kuliko anavyodhani kijana wa kwa kinyozi.

Waruinge

Mbele ya foleni hiyo yuko Philip Waruinge. Alizaliwa Nakuru mwaka 1945, na miaka yake mikubwa alipigana katika kilo 57, uzani wa unyoya. Mwaka 1962 alipata shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Perth, Australia, Kenya ikiwa bado koloni. Mwaka 1966 alipata dhahabu Kingston, Jamaika. Mwaka 1970 akapata dhahabu nyingine Edinburgh. Kati ya hizo aliweka shaba ya Olimpiki ya Mexico 1968, na baada yake fedha ya Olimpiki ya Munich 1972. Hesabu vizuri: medali katika mashindano matano makubwa, katika muda wa miaka kumi. Ujana wa bondia hauna miaka mingi zaidi ya hiyo.

Jinsi alivyopoteza mara mbili katika Olimpiki inafaa kutazamwa kwa karibu. Mexico 1968, nusu fainali, alikutana na Antonio Roldán, Mmexico, mbele ya umati wa Wamexico. Majaji watano, kila mmoja na karatasi yake. Watatu walimpa Roldán, wawili wakampa Waruinge. Roldán akaenda fainali na kupata dhahabu, tena kwa mpinzani wake, Mmarekani Al Robinson, kuondolewa kwa kosa la kugonga kwa kichwa. Kisha waandaaji wakatangaza mshindi wa kombe la Val Barker, bondia mwenye ufundi bora wa mashindano yote. George Foreman alikuwepo Mexico na alipata dhahabu ya uzani wa juu. Kombe halikwenda kwa Foreman, wala kwa Roldán. Alipewa Mkenya mwenye shaba.

Munich 1972 alifika fainali na kukutana na Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovieti. Matokeo yakawa tena tatu kwa mbili, tena dhidi yake. Jaji mmoja Mexico, jaji mmoja Munich.

Wanaompenda Waruinge husimama hapo na kudai dhahabu mbili za mdomo. Siwafuati. Karatasi za majaji zimebaki shambani, na sitaki kupima majani ambayo hayakuingia guniani. Namweka wa kwanza kwa sababu ya yaliyoingia: miaka kumi, medali katika mashindano matano, na tuzo moja ambayo watu wa ndondi wenyewe humpa yule waliyemwona anaijua kazi kuliko wenzake wote. Waswahili husema ya kale ni dhahabu. Kwa Waruinge ya kale ya Olimpiki ni fedha na shaba, na bado yanatosha.

Upungufu wake upo. Alipohamia ngumi za kulipwa alikwenda Japani, akapigana kwa jina la Waruinge Nakayama. Mwaka 1976 alipata nafasi ya kuwania mkanda wa dunia wa WBC dhidi ya Rigoberto Riasco nchini Panama, akashindwa kabla ya raundi kwisha. Alikuwa na miaka 31, na miaka yake bora alikuwa ameshaimaliza katika ridhaa. Kwa mkanda huo namkata alama, kama ninavyomkata Wangila.

Muchoki

Wa pili wangu ni jina ambalo vijana wengi hawalijui, na hilo pekee linaonyesha jinsi Olimpiki inavyotupofusha. Stephen Muchoki alipigana katika uzani mwepesi kuliko wote, kilo 48. Alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1974 huko Christchurch, akaitetea Edmonton mwaka 1978. Mwaka huo huo wa 1978, katika mashindano ya dunia ya ndondi za ridhaa huko Belgrade, akawa Mkenya wa kwanza kuwa bingwa wa dunia.

Zingatia mashindano yale. Cuba ilikuwepo. Wasovieti walikuwepo. Teófilo Stevenson alikuwepo na akashinda uzani wake. Anayetaka kujua bingwa wa dunia wa ridhaa alikuwa nani miaka ile aende Belgrade, kwa sababu Olimpiki zenyewe zilikuwa zimeanza kukatwa vipande na siasa. Kenya haikushiriki Montreal 1976, ilipoungana na nchi za Afrika zilizopinga uhusiano wa New Zealand na Afrika Kusini ya ubaguzi. Haikushiriki Moscow 1980, ilipofuata mwito wa Marekani baada ya Wasovieti kuingia Afghanistan. Muchoki alizaliwa 1956. Olimpiki mbili zilizopita bila Kenya zilimkuta akiwa na miaka 20 na 24.

Kanuni ni ile ile: simpi alama kwa Montreal wala kwa Moscow. Nampa kwa Christchurch, Belgrade na Edmonton. Katika ngumi za kulipwa aliweka kambi Denmark, kama alivyofanya Mganda Ayub Kalule, na mwaka 1982 akawania mkanda wa WBA dhidi ya Muajentina Santos Laciar huko Copenhagen. Alisimamishwa raundi ya 13. Kufika raundi ya 13 ya pambano la ubingwa wa dunia ni umbali ambao Wangila hakuufikia.

Dhahabu moja ya Olimpiki isiyo na Wacuba, au dhahabu moja ya dunia yenye Wacuba pamoja na mbili za Jumuiya ya Madola? Nimechagua ya pili, na nakiri kwamba tofauti ni ndogo. Mtu akimpandisha Wangila juu ya Muchoki kwa sababu ya nokauti ile, sitapigana naye.

Gusii wanajua tayari

Anayenishambulia kwa dhahabu ya Seoul pale Kiogoro namrudisha kwenye riadha, kwa sababu hapo yeye mwenyewe amekwisha kuitupa kanuni anayonipigia nayo.

Naftali Temu, mzaliwa wa Nyamira, alishinda mita 10,000 Mexico mwaka 1968 na kuwa Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki. Alikuwa katika kikosi kimoja na Waruinge, kama walivyokuwa pamoja Kingston miaka miwili kabla, Temu alipomshinda Ron Clarke wa Australia, mwenye rekodi ya dunia, katika maili sita. Mwaka 1972 Munich, Charles Asati, Hezekiah Nyamau na Robert Ouko, wote Wagusii, walishinda dhahabu ya kupokezana vijiti mita 400 wakiwa na Julius Sang. Hao ni Wagusii wanne wenye dhahabu ya Olimpiki.

Nyandika Maiyoro hana. Alikuwa wa saba Melbourne 1956 na wa sita Roma 1960 katika mita 5,000. Yobes Ondieki naye hana hata shaba ya Olimpiki. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 Tokyo mwaka 1991, na Julai 1993 huko Oslo akawa mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27. Ukiifuata kanuni ya dhahabu ya Olimpiki peke yake, Maiyoro na Ondieki wote wawili watakaa chini ya kila mmoja wa wale wanne. Mtafute mzee wa Gusii atakayekubali hivyo. Ondieki atatetewa kwa saa ya Oslo. Maiyoro atatetewa kwa London mwaka 1954, alipomaliza wa tatu katika maili tatu, nyuma ya Fred Green na Chris Chataway waliovunja rekodi ya dunia siku hiyo, wakati ambapo Wazungu wengi hawakuwa wamewahi kumwona Mkenya akikimbia.

Ukiweka majina haya kando ya yale ya ulingoni, yanalingana kwa namna ya kushangaza. Ondieki na Muchoki: mabingwa wa dunia wasio na medali ya Olimpiki. Temu na Wangila: wa kwanza kuleta dhahabu. Maiyoro na Waruinge: walioanza chini ya bendera ya mkoloni na kuufundisha ulimwengu kwamba Mkenya yupo. Waruinge ana zaidi ya Maiyoro, kwa kuwa medali anazo. Anayempa Maiyoro heshima yake na kumnyima Waruinge ana mizani mbili, moja ya kununulia na nyingine ya kuuzia.

Hoja inayobaki

Kuna pingamizi moja ambalo halijibiki kwa urahisi. Mtu anaweza kusema: michezo hufanywa ili kushinda, na siku kubwa kuliko zote ndiyo inayopaswa kuamua. Katika siku hiyo Waruinge alipoteza mara mbili, Wangila akashinda mara moja. Bondia anayejua kwamba majaji si wa kuaminika apige mpaka wasihitajike, kama alivyofanya kijana wa Nairobi.

Naikubali nusu ya hoja hiyo. Siku kubwa kuliko zote katika historia ya ndondi za Kenya ni ya Wangila, na sioni wa kuikaribia. Tukiulizwa pambano moja la kumwonyesha mgeni asiyeijua nchi hii, tutachagua raundi zile mbili za Seoul. Lakini siku kubwa ni ya pambano, na ukubwa ni wa mtu. Chris Sande, aliyerudi na shaba ya kilo 75 kutoka Seoul hiyo hiyo, alikuwa na siku zake pia, na hakuna anayempeleka juu ya Waruinge kwa ajili hiyo.

Kosa letu ni kufanya safu ya wakubwa iwe na kiti kimoja. Wenzetu wa Uganda hawabishani hivyo, maana wamezoea wingi: Kalule alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa Havana 1974 kisha bingwa wa WBA mwaka 1979, Mugabi akavaa mkanda wa WBC mwaka 1989, na Cornelius Boza-Edwards alikuwa ameuvaa wa uzani wake mwaka 1981. Ukifungua meza ya Afrika Mashariki nzima, Kalule anakaa mbele ya Wakenya wote niliowataja, kwa kuwa ana vyote viwili, ridhaa na kulipwa. Kwetu mkanda wa WBC ulipofika uliletwa na mwanamke, Fatuma Zarika, aliyemshinda Alicia Ashley huko Michigan mwaka 2016 na kuutetea hadi 2019. Namweka wa nne, na ni yeye, si mwingine, anayemsogelea Wangila kutoka nyuma.

Basi safu yangu ni hii: Waruinge, Muchoki, Wangila, Zarika. Anayetaka kuibadilisha aje na majibu: alimpiga nani, kwa muda gani, mbele ya nani. Asije na dhahabu peke yake, kwa maana Gusii hawajawahi kumpima Maiyoro kwa dhahabu, na walikuwa sahihi.